hexedit: miaka mitatu kwenye meza ya fundi, Busia

Nina kibanda cha kutengeneza kompyuta hapa Busia, upande wa Uganda, hatua chache kutoka mpakani, na huu ni mwaka wa tatu natumia hexedit, programu ya kutazama na kuhariri baiti za faili, karibu kila siku. Sura haina. Ukiifungua kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, unaona kushoto anwani, katikati baiti zimeandikwa kwa mfumo wa kumi na sita, kulia herufi zile zinazosomeka, na zisizosomeka zimewekewa nukta. Basi. Ila katika programu zote nilizo nazo hii ndiyo ninayoiamini zaidi, maana inanionyesha faili lilivyo na haigusi kitu mpaka niiambie.

Niliijua thamani yake siku mwalimu mmoja wa kwaya aliponiletea flashi ya GB 8. Ndani mlikuwa na nyimbo za miaka minne, nyingine zimeimbwa na watu ambao wameshatangulia mbele ya haki. Kila kompyuta aliyoichomeka ilimwambia aifomati, na fundi aliyemwona kabla yangu akamwambia imekufa, anunue nyingine.

Kwanza nilitoa nakala ya sehemu nzima ya flashi inayoshika mafaili, sdb1:

dd if=/dev/sdb1 of=kwaya.img bs=1M

Tafadhali, ndugu fundi, usiguse flashi ya mteja moja kwa moja. Fanya kazi kwenye nakala. Kisha nikaandika hexedit kwaya.img, na hapo nikauona ugonjwa: sekta ya kwanza, yaani kipande cha kwanza cha baiti 512, yote ni 00 00 00, mstari baada ya mstari. Sekta hiyo ndiyo inayoieleza kompyuta sehemu hiyo imepangwaje na orodha ya mafaili inaanzia wapi. Ikifutika, kompyuta inaiona flashi kama tupu, hata kama nyimbo zote zimekaa mahali pake.

Mwenye kuijua FAT32, mpangilio wa mafaili unaotumika sana kwenye flashi, anajua kwamba huwa inaweka nakala ya akiba ya sekta hiyo, kwa kawaida kwenye sekta ya 6. Sita mara baiti 512 ni 3072, yaani C00 kwa mfumo wa kumi na sita. Nikabonyeza Enter, nikaandika C00, Enter tena. Ikatokea: EB 58 90, na mbele kidogo, upande wa kulia, neno FAT32 limeandikwa wazi kabisa. Mwalimu alikuwa ameinama nyuma yangu. "Hizo namba zote unazisoma, mwanangu?" Nikamwambia, "Zote hapana, Mwalimu, lakini hizi za leo nazijua." Nikamwonyesha 55 AA, muhuri unaofunga sekta.

Kilichobaki kilikuwa kazi ya dakika moja. F9 kuweka alama mwanzoni, kuteremka hadi baiti ya mwisho ya sekta, F7 kunakili, kurudi anwani 0, F8 kubandika. Baiti zilizobadilika zilionekana kwa maandishi mazito, kwa hiyo nilizikagua moja moja kabla ya kubonyeza F2 kuhifadhi. Nikaipachika nakala kwa mount -o loop,ro na majina ya nyimbo yakajipanga. Tulifungua ya kwanza kwa spika ndogo ya dukani. Mwalimu aliisikiliza mpaka mwisho, akaomba irudiwe.

Kazi za kila siku ni ndogo kuliko hiyo. Mtu analeta waraka wa Word haufunguki, natazama baiti za mwanzo tu. Ukianza na 50 4B, huenda ni docx kweli, kwa kuwa docx ni zip iliyovaa jina jingine. Ukianza na FF D8 FF, hiyo ni picha ya JPEG ambayo mtu ameibadilisha jina. Kiswahili chetu kinasomeka vizuri upande wa kulia kwa sababu herufi zake zote zimo kwenye ASCII, orodha ya herufi za kawaida ambazo kila moja ni baiti moja. Ila neno kama ng’ombe likiandikwa kwa ile alama iliyopinda ya Word na kuhifadhiwa kwa UTF-8, namna ya kuhifadhi herufi ambapo zilizo nje ya ASCII huchukua baiti zaidi ya moja, hapo katikati utaona nukta tatu, E2 80 99. Na ŋ ya Kiganda ni nukta mbili. Usidhani faili limeharibika.

Sasa kasoro, na zipo. Kubwa kwangu ni Ctrl+C. Mahali pengi ni kunakili. Humu ni kutoka bila kuhifadhi na bila kuuliza. Mkono wangu umeshanipotezea nusu saa ya kazi kwa namna hiyo, na iliniuma. Zoeza vidole kutumia Ctrl+X, hiyo inauliza kwanza. Ya pili, unaandika juu ya baiti iliyopo. Kuchomeka baiti mpya katikati na kusukuma nyingine mbele si kazi yake. Na kutafuta kunategemea uko upande gani: ukiwa kwenye namba inatafuta namba, ukitaka maneno bonyeza Tab kwanza. Mimi ilinichukua wiki nzima kulielewa hilo.

Kwa kutazama tu, programu nyingine iitwayo hexyl inapendeza zaidi, inapaka kila aina ya baiti rangi yake, lakini haihariri. xxd nayo huja na Vim, programu ya kuhariri maandishi, na xxd -l 64 inatosha kuona kichwa cha faili. Kijana ninayemfundisha kazi nimemwachia hiyo kwanza, mpaka mkono wake utulie.

hexedit ni ya bure, kazi ya Pascal Rigaux. Kuipakua hakumalizi hata MB moja ya bando, na laptopu yangu ya RAM ya GB 2 inafungua nayo ile nakala ya GB 8 papo hapo, kwa kuwa inasoma kile kipande unachokitazama tu. Kwenye Ubuntu au Debian ni sudo apt install hexedit.