Antena ya redio ya CB kwa trela: ipi ununue, ipi uiache dukani

Dereva mmoja alinijia hapa Eneo la Viwandani, Nairobi, na fimbo mbili ndefu za chuma alizoletewa na shemeji yake kutoka Marekani. Alikuwa amezifunga mwenyewe kwenye mikono ya vioo vya pembeni, kulia na kushoto, kama alivyoona kwenye video. Redio yake ya CB, ile ya kuzungumza gari kwa gari bila simu, inawaka, taa zake zinameta, lakini mwenzake aliyeegesha mita mia mbili mbele hamsikii.

"Fundi, hii redio imekufa."

"Redio ni nzima, bosi. Antena umeifunga kwenye plastiki."

Kosa lake ndilo linalowapotezea wengi pesa. Ushauri mwingi kuhusu antena hizi umeandikwa kwa lori za Marekani, zile zenye pua ndefu na vioo vilivyoshikwa na mabomba ya chuma. Vichwa vya trela vinavyoteremka Mombasa Road ni vya uso bapa, vingi vimetoka Ulaya, na mikono ya vioo vyake imevikwa plastiki. Juu vina paa refu la kulalia ambalo mara nyingi ni faiba, ile plastiki ngumu ya nyuzi za kioo. Kwa hiyo antena inayosifiwa kule inaweza kuwa kuni hapa. Mpangilio ninaoutoa hapa chini ni wa lori zetu.

Lakini kwanza jiulize kama unaihitaji. Kwa safari ya Nairobi hadi Mombasa simu inakutosha, na kundi la WhatsApp la madereva litakuambia habari za msongamano wa Mlolongo kabla redio haijapata moto. CB inafaa pale malori yanapokwenda pamoja na wote wanatakiwa kusikia neno moja kwa wakati mmoja: msafara wa Marsabit na Moyale, barabara ya Lodwar, au mzigo mpana unaosindikizwa na pikapu mbele na nyuma. Hapo huna muda wa kutafuta namba. Unabonyeza, unasema "simama", na wote wanasimama.

Jambo la pili ni karatasi. Redio ya kurusha mawimbi si sawa na ile ya kusikilizia taarifa ya habari. Ruhusa hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na ukivuka Malaba au Namanga unaingia chini ya mamlaka nyingine. Ulizia kabla ya kununua, wala usikubali muuzaji akuambie "hiyo haina shida".

Na kama redio ilikuja na lori kutoka Uingereza, iangalie vizuri. Waingereza walipohalalisha CB mwaka 1981 walijitengea chaneli 40 za FM kati ya megahezi 27.60 na 27.99. Zile 40 za Marekani ziko kati ya 26.965 na 27.405, nazo kwa kawaida hutumia AM. Chaneli 19 ya Uingereza si chaneli 19 ya Marekani. Nimeona watu wakibadilisha antena tatu kwa ugonjwa ambao haukuwa wa antena.

Sasa tuelewane jinsi kitu chenyewe kinavyofanya kazi, kwa sababu ukilielewa hili muuzaji wa vifaa vya elektroniki wa Luthuli Avenue hatakuchezea. Wimbi la CB lina urefu wa karibu mita 11. Antena iliyokamilika ya gari inataka robo yake, yaani mita 2.75 hivi. Hakuna anayetaka fimbo ya mita 2.75 juu ya kabini, kwa hiyo watengenezaji hufupisha fimbo na kuuzungusha waya uwe koili. Lakini hiyo ni nusu tu ya antena. Nusu ya pili ni bati la lori lako. Fimbo isipogusana na bati kupitia kitako chake, ni kama kupiga kofi kwa mkono mmoja.

Ya kwanza kwangu ni fimbo ya faiba ya futi 4, ile ambayo waya umezungushwa juu yake na kukazana zaidi karibu na ncha. Firestik ni mfano unaojulikana, ingawa si peke yake. Ni nyepesi, haisumbui braketi, na tawi la mgunga likiipiga inapinda na kurudi. Koili ikiwa juu, sehemu inayofanya kazi kubwa inabaki juu ya paa hata kama kitako kiko chini kidogo. Tafuta yenye skrubu ya kurekebishia kwenye ncha. Isiyo nayo itabidi uikwangue au uikate, na ukikata ukapitiliza hakuna kurudi. Epuka zile fupi za futi 2 zinazouzwa kwa maneno kwamba "zina nguvu sawa". Hazina, maana kila unapoifupisha antena unaipunguzia uwezo, na hilo koili halilifuti.

Ifunge wapi? Kwenye Isuzu, Fuso na Hino, mkono wa kioo mara nyingi ni bomba la chuma kweli, na braketi ya kioo inakaa vizuri. Kwenye kichwa cha Ulaya mahali pazuri ni paipu ya chuma ya taa juu ya kabini, mradi paipu yenyewe imeungwa na bati, au ukuta wa nyuma wa kabini karibu na kona. Angalau theluthi mbili za fimbo ziwe juu ya paa. Kumbuka pia kontena lililo nyuma yako: la kawaida lina kimo cha mita 2.6 na lile refu mita 2.9, na hiyo ni kabla ya kuhesabu kimo cha trela. Antena iliyojificha mbele ya ukuta huo wa chuma itaongea na walio mbele kuliko walio nyuma.

Halafu kuna jambo ambalo video za Marekani hazilitaji kabisa: kabini zetu huinamishwa mbele ili fundi aifikie injini. Fimbo iliyofungwa mbele juu ya paa inaweza kugonga ukuta wa gereji siku hiyo. Na ukiifunga kwenye chasisi nyuma ya kabini, kebo lazima iachiwe ulegevu wa kutosha, la sivyo siku ya kuinamisha itakatika kimyakimya.

Ya pili, na kwa lori lenye paa la faiba ndiyo ya kwanza, ni seti isiyotegemea bati. Inakuja na fimbo, kitako na kebo yake, vyote vimepimwa pamoja. Hapo kebo ni sehemu ya antena. Usiikate, usiiunge, wala usiibadilishe na nyingine kwa sababu ni ndefu. Haifiki mbali kama fimbo ya kawaida iliyofungwa kwenye bati zuri, lakini kwenye plastiki inaishinda vibaya. Ubaya wake ni kwamba kebo ikiharibika, seti nzima imekwenda, na hapa mjini kuipata nyingine si kazi ya asubuhi moja.

Ya tatu ni fimbo ya chuma yenye koili katikati, aina ya Wilson 2000 ambayo madereva wa Marekani wanaipenda sana. Inafika mbali kuliko faiba, sitakataa. Kwa nini basi naishusha? Uzito. Koili ile kubwa ikicheza kwenye mashimo inalegeza nati, inapasua braketi nyembamba, na ikigongana na tawi haisameheki. Kwa anayetembea lami tupu na aliyetengenezewa braketi nene na mafundi chuma wa Kamukunji, ipande hadi nafasi ya kwanza. Kwa anayekwenda Turkana, hapana.

Ya nne ni ya sumaku. Unaibandika juu ya paa la bati, unapitisha kebo mlangoni, na kwa dakika tano uko hewani. Inafaa kwa lori la kukodi, kwa pikapu ya kusindikiza, au kwa kujaribu kama redio ni nzima. Zilizo nzuri zina sumaku pana kama sahani. Lakini mlango unaibana kebo kila siku mpaka inakatika ndani, vumbi linaingia chini ya sumaku na kuikwaruza rangi, na kwenye paa la faiba haishiki kabisa. Pia hubebeka. Ukilala kwenye kituo cha malori cha Salgaa nayo juu ya paa, asubuhi usinilaumu.

Ya tano ni mbili pamoja. Najua zinapendeza, lori linaonekana kama kamba-mti wa baharini. Lakini ili zikusaidie zinatakiwa ziachane karibu robo ya wimbi, zile mita 2.75, na lori lenyewe halina upana huo. Zinapofanya kazi huelekeza nguvu mbele na nyuma na kuipunguza pembeni, jambo zuri barabarani. Zinahitaji kebo yake maalumu ya omu 75 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) yenye mikono miwili, na kuzipima ni kazi mara mbili. Pesa ya antena ya pili iweke kwenye kebo na braketi.

Ya mwisho ni fimbo kamili ya mita 2.6 yenye springi chini. Kwa karatasi ndiyo bora kuliko zote. Kwa trela inapiga mapaa ya vituo vya mafuta na kila geti la bohari.

Kuhusu kebo nitasema kwa kirefu kidogo, kwa sababu hapa ndipo hasara ilipo. Antena moja inataka kebo ya omu 50, kama RG-58 au ile nene zaidi ya RG-8X. Ukiomba tu "kebo ya antena" dukani utapewa ya televisheni, ambayo ni ya omu 75. Zinafanana sana kwa nje. Soma maandishi kwenye ganda lake. Angalia pia nyuzi za wavu ulio chini ya ganda: zikiwa chache na chakavu, mawimbi yanavuja njiani. Kiunganishi cha PL-259, kile kinachochomekwa nyuma ya redio, kishikwe kwa lehemu, si kwa kukandamizwa na koleo. Na nunua fimbo na kitako pamoja, maana fimbo za Marekani hutumia uzi wa inchi 3/8, huku nyingi za Ulaya zikija na kitako chenye skrubu ya mabawa, na hazioani.

Kitako kina pete ya plastiki (washa) inayotenga kati ya fimbo na braketi. Ikikaa upande usiofaa, fimbo inagusana na bati na umeunda shoti. Kabla ya kuwasha, chukua mita ya umeme: kati ya msumari wa katikati wa kiunganishi na bati kusiwe na njia kabisa, na kati ya braketi na bati la kabini isome karibu sifuri. Isiposoma hivyo, kwangua rangi kwa msasa chini ya braketi mpaka chuma king'ae, kaza, kisha paka grisi kuzuia kutu. Kabini hukaa juu ya raba, kwa hiyo hakikisha utepe wa chuma unaoiunga na chasisi upo na haujaoza.

Umeme nao una mtego wake. Malori haya ni ya volti 24, na redio nyingi za CB ni za volti 12. Nunua kipunguza volti. Fundi atakayekwambia achukue volti 12 kutoka betri moja tu anakuuzia betri mpya bila wewe kujua: moja itachoka, nyingine itachajiwa kupita kiasi, na zote mbili zitakufa mapema.

Ukimaliza kufunga, usibonyeze kuongea mpaka umepima SWR, yaani namba inayoonyesha nguvu kiasi gani inarudi kwenye redio badala ya kuruka hewani. Azima kipimo au mlipe aliye nacho. Lori liwe nje mbali na kuta na mapaa, milango imefungwa, kontena liko nyuma kama lilivyo safarini. Pima chaneli 1, halafu 40. Chini ya 1.5 ni safi, nguvu inayorudi ni asilimia 4 tu. Kwenye 2 inarudi asilimia 11, unaweza kuishi nayo. Ikifika 3, robo nzima inakurudia na redio inaweza kuungua. Chaneli 40 ikisoma juu kuliko 1, fimbo ni ndefu, ifupishe kidogo. Chaneli 1 ikiwa juu zaidi, ni fupi, irefushe. Zikiwa juu kote kote, acha fimbo kabisa, rudi kwenye bati na kebo. Baada ya safari ya kwanza ya kushuka Mai Mahiu, mwambie utingo apande aangalie nati zote.

Yule dereva wa fimbo mbili tulimfungia faiba moja ya futi 4 kwenye paipu ya taa. Fimbo yake moja ilinunuliwa na jamaa mwenye lori la zamani lenye pua. Nyingine sikuipatia mnunuzi, na sasa ndiyo inayoinua turubai la kibanda changu mvua ikinyesha.