IST yako inavuta kwa shida? Nunua hivi kabla ya kufikiria koni

Ingia duka la spea Kariakoo, sema unataka Toyota IST yako ivute hewa vizuri zaidi. Kitu cha kwanza kushushwa rafuni kitakuwa filta ya koni, nyekundu, inang'aa, na bomba lake la alumini. Naomba usiilipie bado. Kwa injini ya 1NZ-FE, ile ya lita 1.5 iliyomo pia kwenye Probox na Raum, koni naiweka mkiani mwa orodha yangu ya vitu vitano vya kununua.

Injini hii ikizunguka mara 6,000 kwa dakika humeza takriban lita 75 za hewa kila sekunde, na boksi la filta la kiwandani lilitengenezwa kwa kazi hiyo. Shida ya magari yetu ni boksi lililochoka. Gari limeshatembea miaka Japani, likaja huku likapita mikononi mwa mafundi wanne, na kila mmoja ameacha alama yake.

Kwa hiyo nafasi ya kwanza naipa filta mpya ya karatasi, mpira mzima wa hewa, na kopo la dawa ya kusafishia sensa ya hewa, ile inayopima hewa inayoingia kwenye injini. Nilipofungua boneti ya gari langu nikachunguza, klipu moja ya boksi haikuwapo, pamefungwa waya. Mpira unaotoka kwenye boksi kwenda kwenye throto, yaani mlango wa hewa wa injini, ulionekana mzima mpaka nilipoubonyeza kwa vidole viwili: kwenye mikunjo, upande wa chini, ukafunguka ufa wenye urefu wa kucha. Hewa iliyopita hapo ilikuwa haijachujwa wala kupimwa na sensa. Ndiyo maana kompyuta ilikuwa inatoa hitilafu P0171, yaani hewa imezidi mafuta, na gari linatetemeka kwenye foleni. Gereji moja ilikuwa imeniambia ninunue pampu ya mafuta!

Ukienda kununua filta, beba ile ya zamani. Zilinganishe ukingo wa mpira, kisha uimulike mpya kwa tochi ya simu. Ukiona tundu la mwanga, rudisha. Na usikubali filta ya karatasi ipulizwe kwa kompresa. Karatasi ikichanika, vumbi linakwenda kusaga ringi za pistoni. Sensa nayo ina waya mwembamba mno, kwa hiyo tumia dawa yake tu, usiiguse kwa kitambaa.

Usitarajie mafuta kupungua sana. Maabara ya Taifa ya Oak Ridge nchini Marekani ilipima jambo hili mwaka 2009: kwenye magari ya kisasa, kubadili filta iliyoziba hakukuleta tofauti kubwa kwenye ulaji wa mafuta, ila gari lilichanganya haraka zaidi kwa asilimia 6 hadi 11. Hiyo ndiyo faida unayonunua.

Nafasi ya pili ni lile bomba la plastiki linaloleta hewa ya nje kwenye boksi. Mafundi wengi hulitoa wakati wa kazi nyingine na hawalirudishi. Bila hilo, injini inavuta joto la ndani ya boneti, na hewa ya nyuzi 60 ina oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 9 kuliko ya nyuzi 30. Tafuta la mtumba. Litakufaa kuliko urembo wowote.

Ya tatu ni filta ya kuosha inayokaa kwenye boksi lilelile, kama za K&N. Inamfaa anayekaa na gari miaka mingi na kupita lami. Ukizidisha mafuta ya kunasia vumbi yanayopakwa baada ya kuiosha, yanaweza kuganda kwenye sensa. Kwa barabara ya vumbi, mimi nabaki na karatasi.

Ya nne, bomba refu linaloshusha filta hadi karibu na bampa. Hewa ni baridi kweli, lakini fikiria kupita kwenye maji ya Jangwani, Dar es Salaam, siku ya mvua. Maji hayabanwi kama hewa. Yakiingia kwenye silinda, mikono ya pistoni inapinda na injini imekwisha.

Koni iliyo wazi ndani ya boneti ni ya tano. Mlio ni mtamu, sikatai, ila kwenye foleni inavuta joto tupu, na bomba lenye kipenyo tofauti hufanya sensa isome vibaya.

Kuna kitu kimoja sikipi hata nafasi ya mwisho: vile vifeni vya bati vinavyochomekwa ndani ya mpira ili "kuzungusha hewa". Havina mota, hewa yenyewe ndiyo inayolazimika kuvisukuma, na kipande kikikatika kinaelekea kwenye throto.