Lenzi ya kukagulia sarafu: acha kuuliza inakuza mara ngapi, uliza milimita

Wasomaji wa Dodoma na Singida wamekuwa wakiniletea lalamiko lilelile. Mtu kanunua lenzi iliyoandikwa 30X au 60X, yaani eti inakuza mara 30 au 60, ina vitaa viwili pembeni, kaiweka juu ya shilingi ya mkoloni, na anachokiona ni weupe unaomulika macho na ukungu wa rangi rangi pembeni. Mmoja wao, mzee wa Nkuhungu anayekusanya heller, sarafu ndogo za enzi ya Mjerumani, alikuwa ameshaanza kuamini kwamba macho yake ndiyo yamechoka. Macho yake hayana shida. Kilichomponza ni namba iliyochorwa kwenye lile chuma.

Habari za kifuko cha ngozi, uzito na jinsi lenzi inavyokaa mkononi siziandiki hapa, hayo utayaona mwenyewe dukani. Nataka tukae kwenye jambo moja ambalo muuzaji haligusi na mnunuzi haliulizi: sarafu ikae umbali gani kutoka kwenye kioo ndipo uione sawasawa?

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua 250, gawa kwa namba ya ukuzaji, jibu ni milimita. Lenzi ya 5X inataka sarafu iwe milimita 50 kutoka kwenye kioo. Ya 7X ni kama 36. Ya 10X ni 25, yaani upana wa vidole viwili hivi vya mtu mwembamba. Ya 20X ni 12 na nusu. Sasa nenda kwa hiyo 60X: milimita 4. Kwenye milimita 4 mwanga wa taa yako utapita wapi? Na sarafu ikiwa ndani ya kapsuli ya plastiki, kama zinavyouzwa nyingi za maana, kioo kinagonga plastiki kabla picha haijatulia. Ikiwa haina kapsuli, chuma cha lenzi kinagusa sarafu yenyewe, na mkwaruzo mpya juu ya uso wa sarafu ya mwaka 1916 haufutiki.

Hilo la mwanga ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu sarafu haikaguliwi kwa kukuzwa tu. Inakaguliwa kwa kuinamishwa taratibu chini ya taa moja inayotoka ubavuni, ili mwanga ulale juu ya uso wake na kila mstari utoe kivuli. Hivyo ndivyo unavyomkamata aliyesugua sarafu kwa majivu, ukwaju au dawa ya kung'arishia shaba. Mistari myembamba inayokwenda upande mmoja inajitokeza sarafu ikifika pembe fulani, kisha inapotea ukiigeuza kidogo. Vipele vidogo vya sarafu feki iliyomiminwa kwenye kalibu navyo vinaonekana hivyohivyo. Vitaa vilivyozunguka kioo vinamulika kutoka mbele na kuua kivuli chote. Sarafu iliyosuguliwa inatoka inang'aa kama mpya, nawe unalipa bei ya mpya. Tena mwanga wake mara nyingi una ubluu, unaharibu rangi ya shaba. Vizime. Kama havizimiki, hiyo lenzi si ya sarafu.

Namba ya uongo unaigundua nyumbani kwa rula. Simama chumbani mchana, upande ulio mkabala na dirisha. Shika karatasi nyeupe, weka lenzi mbele yake, isogeze mbele na nyuma mpaka mti au paa la jirani litokee kwenye karatasi, limepinduka, kingo zake zimetulia. Pima kutoka kwenye lenzi hadi kwenye karatasi, kisha gawa 250 kwa ulichopata. Usifanye hivyo kwa jua lenyewe, kwa jua letu hili la Dodoma karatasi inashika moto upesi. Lenzi moja ya 60X iliyoletwa kwangu ilitoa karibu milimita 28, maana yake inakuza mara 9 tu. Na huhitaji hata kupima: lenzi ya 30X ya kweli, ambayo picha yake inatulia milimita 8 kutoka kwenye kioo, haiwezi kuwa na kioo kipana cha milimita 21 kama wanavyoandika ubavuni. Ukiona namba hizo mbili pamoja, mrudishie muuzaji.

Sasa nazipanga lenzi kwa ubora, na sitajificha, ya kwanza najua ni ipi: napendelea Bausch & Lomb, ile inayoitwa Hastings Triplet, ya 7X. Ni lenzi tatu zilizogandishwa zikawa moja, muundo uliobeba jina la Charles Hastings, profesa wa fizikia wa chuo cha Yale. Faida yake ni kwamba kingo hazina rangi za upinde wa mvua, na herufi iliyonyooka inabaki imenyooka hadi pembeni. Wengi wanakimbilia ya 10X kwa sababu ndiyo wanayoiona kwa wanunuzi wa madini. Kwa mnunuzi wa rubi za Winza, 10X ni sawa kabisa, anatazama ndani ya jiwe dogo. Mwenye sarafu anatazama uso mpana, na zile milimita 36 zinampa nafasi ya kuingiza mwanga kutoka ubavuni bila vidole vyake kuuziba. Inatosha kusoma karibu kila kitu unachokitafuta. Chukua senti 10 za Afrika Mashariki za mwaka 1936, zile zenye tundu na jina la Edward VIII: kuna zenye herufi H za kiwanda cha Heaton kilichozipiga, kuna KN za kiwanda cha King's Norton, na kuna zisizo na herufi. Kwa 7X hubahatishi.

Ya pili ni BelOMO ya 10X, kutoka Minsk, nayo ni ya lenzi tatu, ina kioo kipana cha milimita 21 ambacho 10X nyingi hazina. Hii inunuliwe na mtu anayefuatilia tofauti za mhuri, yaani kile chuma kinachopigia sarafu. Mfano mzuri uko hapahapa kwenye reli ya kati. Mwaka 1916 Wajerumani, wakiwa wamezingirwa na vita, walipiga sarafu zao Tabora: heller 5, heller 20, na ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo mbele ya Kilimanjaro, dhahabu yake ikitoka Sekenke. Kwenye heller 20 kuna taji kubwa na taji dogo, na ncha za herufi L katika neno HELLER ziko zilizochongoka na ziko zilizojikunja. Kwenye rupia 15, pambo la pembeni linaishia chini ya T ya OSTAFRIKA kwenye baadhi, na chini ya A ya kwanza kwenye nyingine. Ncha ya L kwenye heller iliyolika ndiyo inayohitaji 10X. Lakini jifunze kuishika: lenzi inakaa karibu kabisa na jicho, karibu iguse nyusi, kisha sarafu ndiyo inayoletwa. Ukiiweka lenzi juu ya meza na kuinamia kwa mbali, utaona kipande kidogo tu na utasema lenzi mbovu.

Ya tatu itawashangaza wengi: lenzi ya fundi saa, ile anayoibana kwenye jicho. Haina jina kubwa, lakini inaacha mikono yote miwili huru, mmoja unashika sarafu kwa ukingo, mwingine unasogeza taa. Nyingi zinaandikwa kwa inchi badala ya X, na hiyo inchi ndiyo umbali wenyewe. Ya inchi 2 ni sawa na 5X. Ni namba yenye maana kuliko zote zilizochorwa kwenye lenzi za madukani. Mafundi saa wa mjini wanajua zinakopatikana, waulize.

Vioo vya mkono vya plastiki vya kwenye maduka ya vifaa vya shule vinafaa kuchambulia rundo la sarafu mezani, basi. Hadubini ndogo za kuchomeka kwenye kompyuta ni za kupigia picha ya kumtumia mnunuzi wa mbali. Za 14X na 20X za kampuni yoyote, hata hiyo niipendayo, sizipendekezi kwa sarafu.

Kuhusu bei, nina kinyongo na sina sababu ya kukimeza. Lenzi ya Sh10,000 inabandikwa namba kubwa ili ionekane ya Sh40,000, na anayenunua ni mtu aliyejinyima kwa sababu ana sarafu ya babu yake na anataka kujua kama ni ya kweli. Muuzaji hajawahi kuishika rula. Ukimuuliza ni lenzi moja au tatu, anakwambia, "Dada, hii original." Wanaoagiza nzuri kutoka nje nao wanapandisha bei kana kwamba wamezitengeneza wenyewe, ukilalamika wanasingizia kodi. Kodi ipo kweli, VAT peke yake ni asilimia 18, lakini asilimia 18 haizidishi bei mara tatu. Na kuna wauzaji wa sarafu wanaokunja uso ukitoa lenzi mfukoni, eti huwaamini. Mwenye sarafu safi atakusogezea taa mwenyewe.

Ukiagiza, taja 7X kwa maandishi, usiseme Hastings tu, maana 10X, 14X na 20X zinabeba jina hilohilo. Mzigo ukifika, pima dirishani mbele ya aliyekuletea. Ukipata milimita zinazokaribia 36, lipa. Ukipata 25, umeletewa 10X, na hela yako ibaki mfukoni mpaka aibadilishe.