Nepi za Kutupa Arusha: Kinachonyonya ni Jeli, Si Unene

Mzazi anayezunguka maduka ya jumla karibu na Soko la Kilombero hukuta nepi za kutupa, ambazo wengi wetu huziita pampasi, na mara nyingi huchagua iliyo nene kuliko zote. Unene huo hudanganya. Kinachozuia mkojo usirudi kwenye ngozi ni chembe za jeli, yaani sodiamu poliakrileti, zilizochanganywa na nyuzi laini za mti. Chembe hizo huvimba na kuufunga mkojo ndani yake hata mtoto akiukalia, ilhali pamba ikiminywa huuachia.

Kabla ya kununua katoni, chukua pakiti ndogo za aina mbili au tatu uzijaribu nyumbani, wala usitumie maji matupu. Jeli hii hunyonya maji safi mara mamia ya uzito wake, lakini chumvi iliyomo kwenye mkojo huupunguza uwezo huo hadi mara makumi tu, kwa hiyo nepi iliyofaulu kwa maji ya bomba yaweza kumlowesha mtoto usiku. Koroga kijiko cha chai cha chumvi, kisichojaa, katika nusu lita ya maji, mimina mililita 150 kwenye kila nepi, subiri dakika 10, kisha kandamiza kitambaa kikavu juu yake. Kitambaa kitakuonyesha mshindi.

Kwa usiku na safari naiweka kwanza nepi ya gundi pembeni iliyofaulu jaribio hilo, hata kama si ya bei ya juu. Linganisha bei ya nepi moja, si ya pakiti. Ya pili ni ya kitambaa, ambayo mchana nyumbani haina mpinzani, isipokuwa Juni na Julai, jua linapojificha na nguo zikakaa kambani siku mbili. Ya tatu ni ya mtindo wa suruali, inayomfaa mtoto anayetembea, ingawa sehemu ya fedha zako inalipia mpira wa kiunoni. Zinazouzwa bila pakiti ni za mwisho, kwa kuwa hujui saizi yake wala zilivyohifadhiwa, na jeli hunyonya hata unyevu wa hewani.

Anayemuuguza mzee kitandani atumie jaribio hilohilo, ila apime kiuno kwanza. Jeli ya vidonda ya famasi ni kitu kingine: tayari imejaa maji, hulainisha kidonda kikavu, na haifai kidonda kinachotoa majimaji mengi. Usipasue nepi ukaweka chembe zake kidondani.

Ukikuta vipande vya jeli kwenye ngozi ya mtoto, mshono wa ndani umepasuka. Vifute kwa kitambaa chenye maji, badilisha nepi, na usivitupe kwenye sinki, kwani huvimba na kuziba bomba.