Kefi au meraki? Mzuka wa Kigiriki una pande mbili

Wengi wakiongelea mzuka wa Wagiriki wanakimbilia enthusiasmos, neno la kale lenye theos ndani yake, yaani mungu kakuingia, na sisi mzuka tumeutoa kwa mashetani kwahiyo hatujapishana sana hahaha. Ila utamu wenyewe uko kwa haya mawili ya mtaani, yote yamepitia Kituruki.

Kefi ni ile raha inayopanda yenyewe mkiwa kundi, mko taverna, mgahawa wa Kigiriki, bouzouki inalia, kile kigitaa chao cha shingo ndefu, mara mzee aliyekuwa kimya kutwa anainuka anacheza zeibekiko, dansi ya mtu mmoja, na hakuna wa kumcheka. Haiagizwi hiyo, ikija imekuja. Asiyekuwa nayo anasema den eho kefi, leo sina mudi jamani niacheni.

Meraki sasa haihitaji kundi wala mziki. Fundi anapiga randa meza mpaka upande wa chini ambao hakuna atakayeuona, mama anakunja dolmadakia, vile vya wali ndani ya majani ya mzabibu, moja moja zote saizi moja, hapo wanasema kafanya me meraki, kaweka roho yake mle. Mwanaume wa hivyo anaitwa meraklis, mwanamke meraklu. Na ina upande wa majonzi pia, kwenye rebetiko, nyimbo za mtaani za Kigiriki za zamani, mtu mwenye meraki anaweza kuwa anaumwa na mapenzi tu, maana kwa Waturuki merak ni shauku na wasiwasi humohumo.

Mimi kwa chakula nampa meraklis, kwa harusi nipe wenye kefi hata wali ukiungua.