Nimekula Bourgogne: mayai ya mvinyo mwekundu ndiyo yaliyoniteka

Ukipata nafasi ya kula huko Bourgogne, eneo la mvinyo mashariki mwa Ufaransa, nenda mji wa Beaune, tena nenda mchana. Mikahawa mingi ina menyu ya mchana yenye bei nafuu kuliko ya usiku. Kutoka Paris nilipanda TGV, treni ya mwendo kasi, hadi Dijon, kisha treni ya mkoa. Kaa dirisha la kulia, uone mizabibu ya miteremko ya Côte d'Or ikipanda kilima. UNESCO iliiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2015.

Agiza oeufs en meurette. Mayai hupasuliwa na kuivishwa bila maganda, kisha huwekwa kwenye mchuzi wa mvinyo mwekundu uliochemshwa pamoja na vitunguu, uyoga na vipande vya nyama ya nguruwe mpaka ukawa mzito. Ukitoboa kiini, kinamwagikia mchuzi na ule uchachu wa mvinyo unatulia papo hapo. Mkate haulipiwi, kwa hiyo omba mwingine ufute sahani. Niliagiza pia boeuf bourguignon, nyama ya ng'ombe iliyopikwa kwa mvinyo mwekundu. Nyama ililainika vizuri, ila kwangu mayai yaliishinda kwa mbali.

Wasiokula nguruwe au wasiotumia kileo waulize kabla ya kuagiza, kwa sababu mvinyo umo kwenye michuzi mingi. Hata jibini la Époisses huoshwa kwa marc, pombe kali ya makapi ya zabibu. Gougères, vile viandazi vyepesi vya jibini, kwa kawaida havina nyama wala mvinyo, na vikitoka jikoni vya moto ni vitamu sana.

Hilo jibini la Époisses lina harufu kali mno. Usikate tamaa. Ndani linachotwa kwa kijiko, na ulimi haukutani na ukali ule ambao pua iliutarajia.

Sikuridhika na kir, kinywaji kilichopewa jina la padri Félix Kir, meya wa Dijon kuanzia 1945 hadi 1968. Ni mvinyo mweupe wa zabibu za Aligoté wenye kidogo cha crème de cassis, pombe tamu ya matunda madogo meusi, lakini niliyoletewa ilijaa cassis hadi mvinyo wenyewe ukapotea. Mwambie mhudumu apunguze.

Ukinunua haradali, soma kopo vizuri. Ile ya "Dijon" inaweza kutengenezwa popote. Yenye maandishi "Moutarde de Bourgogne" ndiyo inayotumia mbegu na mvinyo mweupe wa huko huko.