Tangi la Lita 5,000 katika Uwanda wa Kano: Tathmini ya Mnunuzi

Matangi meusi ya plastiki ya kuvunia maji ya mvua yameenea sana katika maboma ya Uwanda wa Kano, karibu na Kisumu nchini Kenya, kuanzia Ahero hadi Kadibo na kuteremka Nyakach. Anayetaka kununua moja hupewa ushauri mwingi kuhusu rangi na unene wa plastiki, lakini huambiwa machache mno kuhusu jambo linaloamua kama tangi litamfaa katika eneo hili, yaani namna litakavyostahimili kiangazi na mafuriko yanayofuatana bila kutupa nafasi ya kupumua. Ninaandika tathmini hii baada ya kuishi na tangi la lita 5,000 katika hali zote mbili, likiwa limekaukiwa na likiwa limezungukwa na maji, na ninamwandikia hasa mtu ambaye bado anazihesabu fedha zake kabla ya kwenda Kisumu kulinunua.

Kwa upande wa kiangazi, hesabu yake inaridhisha. Kila milimita ya mvua inayoangukia mita moja ya mraba ya paa hutoa lita moja ya maji. Nyumba yenye paa la mabati la mita 10 kwa 7 ina mita 70 za mraba, kwa hiyo mvua ya milimita 30, ambayo wakati wa masika huweza kunyesha alasiri moja tu, huleta lita 2,100, na hata ukiondoa sehemu ya tano inayorukia nje ya gata (mfereji wa ukingoni mwa paa), unabakiwa na takriban lita 1,680. Mvua tatu za namna hiyo zinalijaza tangi. Familia ya watu watano inayotumia lita 10 kwa kila mtu kwa siku, kwa kunywa na kupikia pekee, itakaa na maji hayo siku 100, muda unaokaribiana na kipindi kikavu cha kuanzia Desemba hadi masika yanapoanza mwezi Machi. Ukipandisha matumizi hadi lita 15 kwa kila mtu, kiwango cha chini ambacho mashirika ya misaada hukitumia wakati wa dharura, siku hizo zinapungua hadi 66. Ndiyo maana katika boma letu maji ya tangi hayafui nguo wala hayanyweshi ng'ombe Desemba ikishaingia. Kazi hizo tumeziachia kisima, na anayenunua tangi moja akitarajia limtimizie kila haja atalilaumu bure.

Wapo wanaouliza kwa nini mtu anayeishi karibu na Ziwa Victoria ahangaikie maji ya paa. Maji ya ufukweni mwa Ghuba ya Winam ni ya tope, mara nyingi yamefunikwa na gugumaji, na anayeingia kuyateka anaweza kutoka na kichocho. Kuyabeba hadi nyumbani na kuyasafisha hadi yanyweke ni gharama ya kila siku, na mzigo huo katika familia nyingi huangukia akina mama na wasichana.

Hata hivyo, thamani kubwa zaidi ya tangi hili niliiona wakati wa mafuriko, jambo ambalo wauzaji hawalitaji kabisa. Mto Nyando huweza kuvunja kingo zake bila tone moja kuanguka Ahero, kwa kuwa maji yake hutoka nyanda za juu za Nandi na Kericho, na mvua kubwa inayonyesha huko jioni hutufikia usiku watu wakiwa wamelala. Ziwa nalo likiwa limejaa, kama lilivyokuwa mwaka 2020 lilipofikia kimo ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1960, mto hukosa pa kumwagia kwa haraka na maji hutuama mashambani kwa muda mrefu. Vyoo vya shimo hufurika, uchafu wake huingia visimani, na kipindupindu huwa hakiko mbali. Katika mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 na tena katika masika ya 2024, boma lilizungukwa na maji pande zote lakini hapakuwa na kikombe cha maji ya kumpa mtoto isipokuwa yale ya tangi, ambayo yalikuwa juu ya mafuriko na yamefunikwa kwa kifuniko chake cha kukaza. Tuliyatia dawa ya klorini kwa tahadhari, tukagawana na majirani, na hakuna aliyeugua tumbo. Kwa jambo hilo peke yake tangi limenirudishia fedha zangu.

Lakini hatari yake kuu imo katika mafuriko hayo hayo. Tangi tupu huelea. Lenyewe halizidi kwa mbali kilo 100, na kitako chake, ambacho kipenyo chake ni karibu mita 1.8, kina eneo la mita za mraba 2.5. Maana yake ni kwamba maji yenye kina cha sentimita 10 tu, yakishapenya chini ya kitako hicho, yanalisukuma juu kwa nguvu ya kilo 250 hivi, zaidi ya maradufu ya uzito wake. Litang'oa mabomba, litapinduka, na litakwenda na mkondo hadi litakapogonga mti au ukuta wa jirani. Likiwa na maji ndani yenye kina sawa na yale ya nje, halinyanyuki, na kwa hiyo wengi hushauri kwamba robo ya tangi isiguswe kamwe. Ushauri huo ni mzuri kwa anayeishi mahali pengine. Hapa kwetu tangi hufikia mwisho wake mwezi Machi, baada ya miezi ya jua, na mwezi huo huo ndio mto huanza kutishia. Huwezi kumwambia mama mwenye watoto wenye kiu asiiguse robo iliyobaki kwa sababu pengine mafuriko yatakuja wiki ijayo.

Kwa hiyo ninaona tangi ni lazima lifungwe, na kazi hiyo ipangwe kabla zege halijamwagwa. Fundi wetu alipofika alichimba kwanza shimo dogo kwa jembe, akalifinyanga donge la udongo kiganjani, kisha akasema, "Mama, udongo huu wakati wa jua unapasuka na wakati wa mvua unafura. Ukiweka zege juu yake hivi hivi, litakatika katikati." Alikuwa anasema kweli. Udongo mweusi wa Kano hufanya nyufa ambazo mtu anaweza kuingiza mkono mzima mwezi Februari, halafu huvimba na kujifunga mvua ikirudi, na tangi la lita 5,000 lililojaa huukandamiza kwa uzito wa tani tano. Jukwaa lililokatika huinamisha tangi, na tangi lililoinama hupasukia kitakoni, mahali ambapo halizibiki vizuri.

Tuliuondoa udongo mweusi hadi kina cha kiunoni, tukajaza mawe na marram (changarawe nyekundu ya barabara) iliyoshindiliwa tabaka kwa tabaka, tukajenga ukuta wa mawe wa kulinyanyua jukwaa kupita alama ya maji iliyoachwa ukutani mwa nyumba na mafuriko yaliyotangulia, na juu yake tukamwaga zege lenye nondo, pana kuliko kitako cha tangi kila upande. Ndoano nne za chuma zilizamishwa kwenye zege hilo likiwa bado bichi. Nyaya nene hupita juu ya mabega ya tangi na kukazwa kwenye ndoano hizo, na pale zinapogusa plastiki zimevishwa vipande vya mpira wa kumwagilia ili zisiikate. Maji ya 2024 yalilipita jukwaa letu kwa kiasi kidogo na tangi halikusogea. Nikitazama fedha ilivyotumika, tangi lenyewe lilikaribia shilingi 40,000, na msingi, gata, nyaya pamoja na ufundi vilichukua karibu kiasi hicho tena. Anayeenda dukani na bei ya tangi peke yake mfukoni amefika kama nusu tu ya safari.

Kuhusu duka lililoniuzia, sina mengi ya kulisifu. Niliahidiwa kuletewa tangi hadi mlangoni, lakini lori lilisimama kando ya lami na dereva akakataa kuingia barabara ya udongo, hivyo vijana wa kijiji wakalibiringisha hadi nyumbani, na nililazimika kuwalipa. Hati ya dhamana inagusia kasoro za kiwandani pekee na inajitoa kabisa endapo tangi litawekwa mahali pasipo sawasawa, ilhali hakuna mtu dukani aliyeniambia mahali pa namna gani panafaa. Hilo linanikera zaidi kuliko suala la lori. Kampuni inayouza matangi kwa watu wa Kano inajua fika yanakokwenda, na karatasi moja ya maelezo kuhusu udongo mweusi na ndoano za kufungia isingeigharimu chochote.

Tangi lenyewe limetengenezwa vizuri. Weusi wake huzuia mwanga, kwa hiyo kuta za ndani hazijaota ukijani, na jua la miaka yote hii halijaufanya mfuniko ukauke na kuvunjika. Kasoro niliyoiona ni tundu la bomba la kutekea, ambalo liko juu kidogo ya kitako na kwa hiyo huacha maji ya mwisho pamoja na mashapo yasifikike bila kuingia ndani au kuliinamisha tangi. Mpira wa kuzuia kuvuja uliokuja na bomba hilo nao ulikuwa dhaifu, ukabadilishwa mapema. Wavu wa bomba la kutolea maji yaliyozidi una matundu mapana yanayopitisha mbu, na katika eneo lenye malaria kama letu ni afadhali kuufunika kwa kipande cha chandarua kilichokazwa kwa waya.

Maji ya kwanza ya kila msimu hayastahili kuingia kabisa, kwa sababu yamebeba vumbi, majani na kinyesi cha ndege kilichokusanyika juu ya mabati tangu Desemba. Kwa paa la mita 70 za mraba, kumwaga lita 35 za mwanzo ni kiasi cha chini kinachokubalika. Mafundi wengi huweka bomba la inchi nne lililosimama wima kama kimo cha mtu ili liyapokee, lakini kila mita ya bomba hilo inabeba lita 8 tu, hivyo halitoshi. Sisi tuliunganisha mitungi miwili ya lita 20, ikijaa ndipo maji yaanze kuelekea tangini.

Kwa anayeishi palipoinuka kiasi, ambapo mafuriko hufika magotini, ninalipendekeza tangi hili bila kusita, mradi msingi na nyaya viwe sehemu ya bajeti tangu mwanzo. Kwa wale walio kandokando ya Nyando au Budalangi chini ya kingo za mto Nzoia, ambako maji hufikia madirisha na watu huhama, ninaona ni busara zaidi familia kadhaa zichange na kuliweka tangi katika shule au kanisa lililo juu, mahali wanapokimbilia, kwa kuwa huko ndiko watakakoyahitaji maji safi. Ukubwa wa lita 10,000 siuungi mkono kwa boma moja, kwani uzito wake kwenye udongo huu unadai msingi ambao wachache wanaweza kuulipia. Nikipata fedha nitaongeza la pili la lita 5,000 upande wa pili wa nyumba, ili moja lioshwe Februari huku jingine likiendelea kutumika.